Kwa nini Ganon hana sura moja?

*Shikamoo mwalimu. Mimi na wenzangu wawili tunatengeneza gemu ya simu. Adui wetu mkuu ni nahodha mwenye kilemba na koti refu, na katika sehemu ya pili tunataka ageuke pweza. Mwenzangu mmoja anasema wachezaji hawatamtambua, kwani adui wa maana habadiliki sura. Nikamtajia Ganon wa The Legend of Zelda, ambaye mara ni nguruwe, mara ni mtu, mara ni moshi. Akasema basi watengenezaji wake walikosa msimamo. Nani kati yetu yuko sahihi, na nahodha wetu tumbadilishe kiasi gani?*

Marahaba. Mwenzako ana haki ya kuogopa, kwa sababu maadui wengi huharibika mikononi mwa wachoraji wao wenyewe. Lakini kwa Ganon amekosea. Nimefundisha uchoraji wa wahusika kwa miaka mingi, na nikitaka kumwonyesha mwanafunzi namna ya kumbadilisha mtu bila kumpoteza, huyu ndiye ninayemleta mezani. Tangu 1986 amevishwa miili mingi kuliko adui yeyote ninayemjua vizuri, na akirudi anatambulika. Siri yake ni kwamba karibu kila badiliko lake lina tukio nyuma yake. Kuna jambo lililompata, na mwili wake ukaandikwa jambo hilo.

Nianze alikozaliwa, maana hapo pana somo ambalo watu hulipita haraka. The Legend of Zelda ilitoka Japani mwezi wa Februari 1986, kazi ya timu ya Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka pale Nintendo. Katika makaratasi ya kwanza ya kuipanga gemu hiyo, adui huyu aliitwa Hakkai, jina ambalo Wajapani humwita nguruwe anayetembea kwa miguu miwili katika hadithi ya kale ya Kichina ya safari ya kwenda Magharibi. Kwa hiyo unguruwe wake ulitangulia jina lake.

Mchoraji alikuwa na nafasi ndogo mno. Mashine ya Famicom iliruhusu rangi tatu tu kwa kila kipande cha mhusika, na vipande vinane tu katika mstari mmoja wa skrini. Vikizidi, vinaanza kumetameta na kupotea. Shujaa, Link, alitosha ndani ya mraba wa pikseli 16 kwa 16. Ganon akapewa 32 kwa 32. Chukua karatasi ya hesabu, uhesabu vijumba 32 kila upande, kisha ujaribu kuchora humo mnyama atakayemtisha mtoto aliyehangaika wiki nzima kumfikia. Utapata pua, utapata meno mawili yaliyochomoza, utapata kifua, na nafasi imekwisha.

Wakafanya nini? Wakamficha. Ukiingia chumbani mwake ndani ya Mlima wa Mauti unamwona kidogo tu, kisha anatoweka, na mipira ya moto inaanza kukujia kutoka mahali pasipo na mtu. Unapunga upanga hewani. Ukibahatika kumgusa anajitokeza, buluu yote, halafu anazama tena. Akikaribia kushindwa rangi yake inageuka, na hapo ndipo mshale wa fedha unapofanya kazi. Michoro ile isingeweza kutisha kwa kutazamwa sana, basi wakakunyima kuitazama. Ninyi mnaotengeneza gemu ya simu, yenye skrini ya kiganja, lishikeni hilo kabla ya jingine lolote.

Mwaka uliofuata, 1987, sehemu ya pili ilimtoa kabisa kwenye mchezo. Ganon ni majivu, na wafuasi wake wanataka damu ya Link ya kunyunyizia majivu hayo ili afufuke. Humwoni popote, ila ukishindwa skrini inakuonyesha kivuli chake, kichwa na mabega, pamoja na kicheko. Gemu moja tu ilikuwa imepita, na tayari kivuli peke yake kilitosha kusema ni nani. Mwambie mwenzako aanzie hapo. Mhusika anayetambulika kwa kivuli ana uhuru wa kubadilika. Yule anayetambulika kwa rangi ya koti lake tu hana uhuru huo, kwa sababu siku ukilibadilisha koti umempoteza.

Mwaka 1991, katika sehemu ya tatu kwenye mashine mpya, Super Famicom, rangi ziliongezeka na Ganon akanenepa: misuli, mapambo, mkuki wenye ncha tatu ambao umemfuata hadi leo. Lakini ukubwa wa kazi ya mwaka ule uko katika hadithi. Mara ya kwanza tuliambiwa kwa nini ni nguruwe. Kuna nchi takatifu ambayo mtu akiingia, mwili wake unachukua sura ya moyo wake. Link akifika huko bila kinga anageuka sungura wa waridi, mnyama asiyeweza hata kushika upanga. Ganon alifika huko akiwa mtu, mwizi aliyeitwa Ganondorf, akageuka yule tuliyemjua. Mchoro ulitangulia, sababu ikaja miaka mitano baadaye, na sababu hiyo ikaufanya mchoro wa zamani uwe na maana mpya. Hili linaruhusiwa kabisa. Huna haja ya kujua kila kitu siku ya kwanza, ila ukishaipata sababu, iheshimu.

Na waliiheshimu mpaka 1998, wakati Ocarina of Time ilipokuja na michoro ya pande tatu kwenye Nintendo 64. Swali likawa: kama aliwahi kuwa mtu, alifananaje? Hapa ningependa ulifungue tukio moja na ulitazame mara kumi. Link bado mtoto. Zelda, binti mfalme, anamwita kwenye dirisha la ua wa kasri ili achungulie ndani. Kule ndani mtu mrefu wa nywele nyekundu anatembea kwenye zulia, anapiga goti mbele ya mfalme. Ni goti la utii. Kisha anageuza kichwa na kutazama moja kwa moja dirishani, kwako. Basi. Hajapiga mtu, hajasema neno, na umeshajua kwamba heshima ile ni ya uongo. Mwili wake umetengenezwa kwa ajili ya tukio hilo: mabega mapana kupita kiasi, kichwa kidogo juu yake, pua ndefu, jiwe linalong'aa kwenye paji la uso, ngozi yenye ukijani kidogo kama ya mtu aliyeanza kuharibika ndani. Nguruwe hawezi kukudanganya kwa kupiga goti. Mtu anaweza, na ndiyo maana gemu ile ilimhitaji mtu.

Nguruwe naye akabaki, akawekwa mwisho kabisa. Ganondorf akishashindwa, anafufuka kutoka kwenye kifusi cha kasri lake akiwa jitu lenye pembe, kwato na panga mbili. Na tazama walivyomwonyesha: usiku, duara la moto, radi. Radi ikipiga unaona sura, radi ikizima unaona macho na makali ya panga. Ni ujanja uleule wa 1986, kumnyima mchezaji nafasi ya kutazama vizuri, miaka 12 baadaye na kwenye mashine yenye nguvu mara nyingi zaidi.

Kuna jambo la gemu hiyo ambalo lazima niliseme wazi, kwa sababu linawahusu ninyi na kilemba chenu. Ganondorf anatoka katika kabila la Gerudo, watu wa jangwani, weusi wa rangi kuliko wenzao wa Hyrule, ufalme wa gemu hizi, wanaojulikana kwa wizi. Alama yao katika matoleo ya mwanzo ilikuwa mwezi mwandamo na nyota. Na katika Hekalu la Moto, muziki wa matoleo hayo ulikuwa na sauti za ibada ya Kiislamu, zilizochotwa kutoka mkusanyo wa sauti unaouzwa kwa watunzi. Nintendo waliziondoa sauti hizo katika matoleo yaliyofuata, na alama nayo ikabadilishwa baadaye. Walifanya vizuri. Lakini mtu aliyekulia pwani, aliyelala na kuamka kwa adhana, haoni jambo dogo hapo. Waliokota vitu vya watu walio hai wakavifanya nguo ya mwovu, pengine bila kufikiri, kwa kuwa vilisikika na kuonekana vya mbali. Gemu za baadaye ziliwapa Gerudo mji wao, lugha yao, soko lao na mashujaa wao, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo dawa hasa, kuliko kufuta alama.

Kwa hiyo kilemba cha nahodha wenu kisije kikawa ndicho kinachosema kwamba yeye ni mbaya. Babu zetu wamevaa kilemba. Mvalisheni kilemba pia fundi wa jahazi anayemsaidia shujaa, mvalisheni kadhi, mvalisheni mzee muuza kahawa. Kisha mpeni nahodha namna yake mwenyewe ya kukifunga. Nitarudi hapo.

The Wind Waker, ya mwishoni mwa 2002, iliwagawa watu kwa sababu ilichorwa kwa mtindo wa katuni, na wengi walidhani adui wa katuni hawezi kuwa na uzito. Kwangu mimi huyu ndiye Ganondorf bora. Amezeeka. Deraya imevuliwa, amevaa joho refu lenye mikono mipana inayoning'inia, na kila anapouinua mkono kitambaa kile kinachelewa kidogo kabla ya kuufuata. Kuchelewa huko ndiko kunakompa umri. Karibu na mwisho anaeleza kuhusu nchi yake ya jangwani, ambako upepo wa mchana uliunguza na wa usiku uligandisha, na wote wawili ulileta mauti, wakati upepo wa Hyrule ulileta kitu kingine kabisa. Alikuwa akiutamani ule upepo. Sasa fikiria maneno hayo yakitoka kwenye mdomo wa mtu aliyevaa vyuma mwili mzima. Yasingekaa. Joho lile lilichorwa ili upepo uweze kulishika.

Mwaka 2006, kwenye Twilight Princess, wakafanya kitu ambacho mimi huwapa wanafunzi wakinakili kwa mkono. Ganondorf amewahi kukamatwa na kuhukumiwa kifo. Wahenga wenye kumwadhibu wakamfunga kwa minyororo na kumchoma upanga kifuani. Hakufa. Alikata minyororo, akamuua mmoja wao, akauchukua upanga uleule uliomchoma. Tunapokutana naye, katikati ya kifua chake kuna kovu linalong'aa mwanga mweupe, na mwanga huo unapenya hata kwenye deraya yake nzito. Upanga alioupora ndio anaopigana nao mwishoni. Na pigo la kummaliza linaingia palepale penye kovu.

Angalia kovu lile limebeba nini. Linakuambia yaliyompata kabla hujasimuliwa. Linakuonyesha mahali pa kupiga. Ni taa pekee kwenye mwili wa giza, hivyo jicho lako linalifuata hata akisogea haraka. Na linampa sababu ya chuki mpya, tofauti na ya 1998. Doa moja tu la mwanga! Wachoraji wachanga wakitaka kumwongezea adui ukali huongeza pembe, miiba, mafuvu mabegani. Nimesahihisha kazi za namna hiyo kwa mamia. Ukimwondolea yote hayo na kumpa jeraha moja lenye historia, anakuwa mtu wa kuogopwa.

Nyingine nizipitie haraka. Mwaka 2011, Skyward Sword ilileta jitu la kale, Demise, mwenye nywele ambazo ni moto wenyewe, na likaacha laana kwamba chuki yake itazaliwa tena na tena. Ghafla wekundu wa nywele za Ganondorf ukapata mzizi. Ni kama walivyofanya 1991 na unguruwe: kitu cha zamani kikapewa sababu.

Breath of the Wild ya 2017 ndiyo inayojibu hofu ya mwenzako moja kwa moja. Humo Ganon hana mwili kabisa. Ni moshi mweusi na mwekundu unaozunguka kasri, na unaonekana kutoka karibu kila kilima cha ramani kubwa sana. Umekwenda kuokota uyoga, unainua macho, yupo. Amekaa miaka 100 amezuiwa mle ndani, na katika moshi ule mara kwa mara linachomoza kichwa chenye meno ya ngiri. Hilo tu limebaki: meno. Ukiingia ndani unamkuta anajishonea mwili mpya, nusu nyama, nusu vyuma alivyopora kwenye mashine za kale, haujakamilika, miguu mingi kama ya buibui, nywele nyekundu zikimwagika juu yake. Hana umbo kwa sababu amesahau kuwa mtu. Na kila mchezaji alimtambua.

Halafu 2023, Tears of the Kingdom. Link na Zelda wanashuka chini ya kasri na kumkuta amekauka kama ng'onda, mkono wenye nuru umemkandamiza kifuani, nywele nyekundu zikining'inia kwenye fuvu. Mkono unaachia, shingo inageuka. Baadaye anarudishiwa mwili, na ni mwili wa kiungwana: bega moja wazi, nywele zimefungwa juu, mavazi yanayokumbusha mashujaa wa kale wa Japani. Katika pambano la mwisho wanafanya jambo ambalo sijawahi kuliona likifanywa vizuri hivyo. Ule mstari wa uhai wa adui, unaokaa juu ya skrini kwa adabu katika kila gemu, unaanza kujaa, unafika mwisho wake wa kawaida, na hausimami. Unaendelea kusogea hadi unataka kutoka nje ya skrini. Usidhani mchoro wa adui unaishia kwenye ngozi yake. Mstari ule ni sehemu ya mwili wake.

Na alipoona anashindwa anameza jiwe lililokuwa kwenye paji lake, akijua kwamba anayelimeza anageuka joka na kupoteza nafsi yake. Joka lile halina joho, halina panga, halina hata neno moja. Ila lina manyoya mekundu kichwani, na jiwe liko palepale penye paji, mahali lilipokaa jiwe la yule mtu aliyepiga goti mbele ya mfalme mwaka 1998.

Sasa tuje kwa nahodha wenu. Pweza ni wazo zuri kuliko mnavyojua, kwa sababu kivuli cha kilemba kikubwa na kivuli cha kichwa cha pweza vinakaribiana sana. Mchoreni nahodha katika sehemu ya kwanza kwa wino mweusi mtupu, bila uso, bila vifungo. Kilemba chake kiwe kikubwa kidogo na kiegemee nyuma, na upindo mmoja wa kitambaa uning'inie upande wa kushoto, upande huohuo kila anapoonekana. Hiyo ndiyo namna yake, na asiwe nayo mtu mwingine. Koti lianzie kwenye mabega na kupanuka chini. Akigeuka pweza, kichwa kikae mahali pa kilemba, ngozi iliyo kati ya mikono ipanuke kama lile koti, na mkono mmoja uning'inie kushoto bila kufanya kazi, hata mingine saba ikiwa inapigana. Mchezaji hatajua kwa nini amemtambua. Atamtambua.

Rangi mnaweza kubadilisha zote, na uso pia. Msivigeuze upindo wa kushoto na egemeo la kichwa.

Lakini kuna swali ambalo hukuliuliza, na bila jibu lake michoro yote hii haitasimama: bahari ilimfanyia nini? Kama alizama, nani alimwacha azame? Kama aliomba kugeuzwa, aliomba ili akipate kitu gani alichokikosa nchi kavu? Jibu lenu ndilo litakaloamua kama pweza huyu ana mikono mizima au ana mmoja uliokatwa na kuota upya mfupi, kama ngozi yake ni laini au imeshikwa na kome kama chombo kilichotelekezwa bandarini. Kaeni wote watatu mlijibu kwa sentensi moja, pamoja na huyo mwenzenu mwenye wasiwasi, maana anayeuliza "watamtambuaje?" anahitajika sana katika timu. Kisha nitumieni vivuli viwili, nahodha na pweza, kwa wino mweusi, bila rangi hata moja.